Duara Usagara, Ukanda Kigombe

Mbwana mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo nikikuamsha, kwa hiyo sizipotezei wino. Na habari za kula, kufua, na kutotembea barabarani umeshika simu mkononi, hizo shangazi yako Riziki keshakwambia zote, tena kwa sauti ile ile anayowafundishia watoto wa darasa la pili kule Mwera, na mie sina la kuongeza. Nimeshika kalamu kwa sababu moja tu. Nakushuku.

Usicheke. Najua utasema, mama naye, lini hajanishuku? Kweli. Nilikushuku ulipoumwa tumbo asubuhi ya mtihani wa hesabu. Nilikushuku ulipoanza kuamka alfajiri kuswali bila kuitwa, mwezi ule ule uliokuwa ukitaka simu. Na zote mbili, sema wewe mwenyewe, nilikosea? Lakini hizo zilikuwa za kitoto, tulizimaliza kwa maneno. Hii ya sasa nimeibeba tangu juzi, nikikutazama unavyokunja mashati, na nikaona kwa mdomo sitaiweza. Kwa mdomo utanizunguka. Una ulimi wa baba yako, Mungu amrehemu, mtu aliyeweza kurudi kutoka sokoni bila samaki aliyeagizwa, na mwisho wa maneno nikajikuta ni mie ninayeomba radhi.

Basi sikiliza. Juzi, ulipokuwa umekwenda kuagana na wenzio, shangazi yako alipiga simu. Hata hali hakunijulia vizuri. "Wifi, hongera! Mtoto kaniambia kachagua ile shahada ya sanaa, kwenye chuo kile cha zamani. Mie nilijua tu. Damu ya kaka yangu haiwezi kwenda kwenye vyuo vya vioo."

Nikasema ahsante, wifi. Nikasema alhamdulillahi. Nikakata simu, nikabaki nimekaa na kitambaa cha kofia mapajani, penseli ikanidondoka ikabingirika mpaka chini ya kabati, wala sikuifuata.

Maana mie uliniambia umechagua kile kingine. Cha vioo. Uliniambia hapa hapa sebuleni, umesimama mlangoni mguu mmoja nje, kwamba unakwenda kusomea grafiki za matangazo, kompyuta tangu siku ya kwanza, kwa sababu "ndiko kwenye kazi, mama." Na mie nikafurahi, kwa kuwa tangu una akili nimekuwa nikikwambia kazi hii ya kofia usiirithi.

Nikajizuia. Nikasema labda wifi kasikia vibaya, kwao mtandao unakatika. Sikukuuliza. Wewe umeniona tangu juzi nikikuuliza neno? Nimengoja tu uteleze.

Leo baada ya adhuhuri akapiga yule kijana wa chuo cha vioo, yule mwenye tai. Mie kila anaponiita "mama yangu kipenzi" hushika pochi. "Mama yangu kipenzi, mbona kijana wetu hajathibitisha nafasi yake? Dirisha linafungwa keshokutwa." Kijana wetu! Tumezaa naye lini? Nikamwambia, kwa ujanja, labda mwenzenu kathibitisha chuo kingine. "Hapana, mama. Angethibitisha kwingine, jina lake lingeondoka kwetu. Bado linaning'inia hapa."

Linaning'inia. Basi nikaviunganisha. Mie umenipa kipande kimoja, shangazi yako umempa kipande kingine, kila mmoja umempa kile kitakachomfurahisha, na kompyuta za vyuo hujazipa chochote. Kesho unapanda basi la Dar es Salaam, na kwa kuwa vyuo vyote viwili viko huko huko, safari moja inafunika uongo wote. Hewallah! Umepanga vizuri. Nilikasirika mpaka nikajiunguza kidole kwa pasi, halafu nikaanza kucheka peke yangu, Bi Tatu, mshonaji wangu, akachungulia dirishani kuuliza kama mie ni mzima. Nilikuwa nacheka kwa sababu niliijua kazi hiyo. Ni yangu. Duara kwa Bi Tatu, ukanda kwa Mwanajuma.

Wewe umekulia ndani yake, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza ilianzaje. Wakati naanza kuchora, nilikuwa msichana mjinga mwenye moyo mweupe. Nikachora kofia ya maua madogo yanayoshikana mikono, nikaishona mwenyewe, kila kitundu kwa sindano, macho yakaniuma. Ikatoka nzuri, nakwambia. Akaja jirani mmoja, "Mwenzangu, niazime nikamwoneshe mwanangu tu." Nikampa. Ilirudi imefuliwa, imepigwa wanga, na shukrani tele. Siku ya Idi nikapita karibu na uwanja wanaume wakiswali, nikayaona maua yangu yanasujudu safu nzima. Hakuna aliyejua ni yangu. Na penseli, unajua mwenyewe, huondoka na maji ya kwanza. Unabaki uzi wa mshonaji, na mchoraji hana alama hata moja.

Tangu hapo nikasema, ng'o! Hakuna tena mtu atakayeuona mchoro wangu mzima. Kofia ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Duara nikampa Bi Tatu hapa Usagara, ukanda nikaupeleka Kigombe kwa Mwanajuma, na nikahakikisha hawa wawili hawajuani hata kwa sura. Vikirudi, naviunganisha mwenyewe, mlango nimeupiga komeo. Na wewe ulipokuwa mdogo kazi yako ilikuwa kutupa khanga juu ya kitambaa ukisikia hodi. Ulikuwa hodari. Wageni walikuwa wakikaa juu ya kofia za watu bila kujua.

Miaka yote hiyo hakuna aliyeniiba tena. Nilijiona mjanja kuliko Usagara nzima.

Sasa nikurudishe kwenye yale maonyesho ya vyuo pale Tangamano, maana najua uliona niliyoyaona, ila kila mtu alikaa kimya na yake. Meza ya kwanza ilikuwa na kitambaa cha bluu, kioo kikubwa kinachowaka, na kalamu za bure. Kitu cha bure mie hukigeuza mara mbili nione bei imeandikwa wapi. Yule kijana wa tai akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akasema, "Tazama hii, mama," akaiandikia kompyuta maneno mawili matatu, na kabla sijameza mate ikachora kofia. Kofia nzima! Duara na ukanda, maua yamezunguka, yamekutana.

Wewe ukacheka, ukapiga makofi. Mie nikavaa miwani. Nikaitafuta kasoro, Mbwana. Nikahesabu maua, nikatazama mwanzo na mwisho vinapokutana, nikatafuta mahali ambapo sindano ingekwama. Nikaikosa. Wallahi niliikosa, na hilo nimelificha mpaka leo, nikawa nakwambia njia nzima kwamba ile takataka haishoneki. Ilikuwa inashoneka. Ningeuziwa ningeinunua.

Ndipo nikamwuliza yule kijana, sasa kama inachora yenyewe, mwanangu anakuja kwenu kusomea nini? Akasema mwanafunzi anafundishwa kuiamuru. Jibu lile lilikuwa tayari mdomoni hata kabla sijamaliza swali, na mie jibu la namna hiyo silipendi. Lakini nikajishuku na mie pia. Huenda namchukia kijana wa watu bure, kwa kuwa kitu chake kimefanya kwa kupepesa jicho kile ninachokifanya kwa juma zima. Sijui. Mpaka sasa hivi sijui.

Meza ya pili haikuwa na kitambaa. Palikuwa na mama mmoja mwalimu, miwani imefungwa uzi, anajipepea kwa karatasi. Nikamwuliza wanaomaliza kwako wanafanya kazi wapi. Akasema, "Wengine wanafanya kazi nzuri. Wengine bado wanatafuta." Loo! Nikamwekea alama hapo hapo. Mtu gani anauza kitu halafu anakwambia hivyo? Nimeuza kofia mie, najua, hata ukweli unaweza kuwa mbinu ya biashara. Mteja ukimwonesha kasoro moja ndogo mwenyewe, anaacha kuzitafuta zile kubwa.

Lakini ukamwonesha michoro yako. Akaipitia polepole, hakusema nzuri, hakusema mbaya. Akatoa mmoja, akaugeuza juu chini, akaukazia macho, akakuuliza, "Kwa nini umeishia hapa?"

Na wewe ukanyamaza.

Kwenye meza ya kwanza ulicheka sana. Kwenye meza ya pili ulinyamaza, na ukanyamaza njia nzima mpaka nyumbani, ukala wali na maharage bila kuuliza samaki yuko wapi. Nikajifanya sikuona. Lakini kimya kile nilikwisha kukiona mara moja kabla, na sikukisahau.

Ilikuwa ule mwaka niliolazwa. Ulikuwa darasa la sita. Nilikuwa nimeacha kazi ya bwana harusi wa Chumbageni, kofia ya nyota, duara la nyota na ukanda wa nyota, na pembeni kazi ya mzee mmoja, ya vikuku, duara la vikuku na ukanda wa vikuku. Vipande vyote vimerudi vimeshonwa, havijaunganishwa. Bwana harusi akaja kuchukua chake, mie sipo, na wewe ukamwambia asubiri. Ukakaa chini ukaunganisha. Ukachukua duara la nyota, ukaliwekea ukanda wa vikuku, ukamkabidhi, akaenda kuoa nayo.

Niliporudi nikakuta duara la vikuku na ukanda wa nyota vimekaa mezani vinanitazama. Nikakuuliza, ulikosea? Kimya. Nani kakutuma? Kimya. Nani kaingia humu ndani akaona vitu vyangu? Maana mie, staghafirullah, nilishajua lazima kuna mtu kakutia maneno, nilimfikiria hata Bi Tatu wa watu. Mwisho ukasema, huku unatazama kidole cha mguu, "Zilikuwa zinaitana, mama."

Zilikuwa zinaitana! Nikakunyang'anya penseli, nikakwambia usiguse tena kazi yangu. Na juma lile lile wakaja ndugu wa bwana harusi, mmoja baada ya mwingine, wakitaka kofia kama ile, nyota juu na vikuku pembeni. Nikawaambia kitambaa kimekwisha. Kitambaa kilikuwa kimejaa kabatini. Sikuweza kuchora kitu ambacho sikukiona mie kwanza, nikaogopa, ndiyo neno lake, niliogopa mtoto wa darasa la sita.

Sijamaliza. Kuna kisa ambacho hukijui, ulikuwa bweni. Kwenye Maulidi mwaka juzi, tulialikwa nyumba ya pili kutoka msikitini. Baada ya kisomo akaingia uani mgeni mmoja kutoka Pangani, mtu mzima, kuwasalimu kina mama, na kichwani kavaa kofia. Nyota juu, vikuku pembeni. Ile ile. Baadaye nilisikia yule bwana harusi alimpa mjomba wake, ndiye huyo mgeni, naye hakuuliza ilikotoka. Kina mama wakaisifu, ebo, walivyoisifu! Mwenye nyumba akasema, "Hii kazi ya Unguja. Huku kwetu mkono huu haupo."

Damu ikanipanda. Nikasema, "Yangu hiyo."

Wakacheka, kwa adabu. Mmoja akasema, "Bi Mwantumu, sisi tunaijua kazi yako. Wewe ni nyota kwa nyota, vikuku kwa vikuku. Hiyo si yako." Nikageuka kwa Bi Tatu, alikuwa amekaa karibu yangu na kahawa mkononi. Nikamwambia, "Bi Tatu, sema wewe. Si wewe uliyeishona?"

Bi Tatu akainuka, akasogea, akaitazama vizuri. Na yule ni mtu asiyesema uongo hata kukufurahisha. Akasema, "Duara nalijua. Ukanda huo sijauona maishani mwangu."

Ni kweli hakuuona. Nimeyatumia maisha yangu yote kuhakikisha hauoni. Aliyeuona ni Mwanajuma, yuko Kigombe, na yeye angeulizwa angesema ukanda anaujua ila duara ni la nani. Na aliyeviunganisha ni wewe, uko bweni, umekatazwa. Watu wanne tumeifanya ile kofia, na hapana hata mmoja aliyeweza kusimama pale uani akasema hii ni yetu. Nikanywa kahawa yangu, nikarudi nyumbani, nikalia mpaka nikasikia aibu mbele ya paka.

Ndiyo maana leo nilipoviunganisha vipande vyako viwili nikacheka, halafu kicheko kikakatika.

Mwanangu, mie hizi shahada sizijui, na yeyote anayekwambia anazijua mtazame mara mbili. Ile ya kompyuta inaweza kukupa kazi upesi, na kazi upesi si kitu cha kudharau, usije ukawasikiliza wanaodharau, wengi wao wana mtu wa kuwalisha. Lakini najiuliza, kama utafundishwa kuiamuru mashine, na kesho mashine ikawa inaamriwa na kila mtu, hata na mie na hii simu yangu iliyopasuka kioo, wewe utakuwa nani? Ile ya sanaa nayo naishuku. Ni ndefu. Utakaa na penseli na wino na rangi, utasoma herufi na nakshi za watu waliokufa zamani, kompyuta utaiona baadaye, na unaweza kutoka huko mikono imejaa akili na hapana mtu anayekupigia simu. Yule mama mwalimu alisema wengine bado wanatafuta. Mmoja wao anaweza kuwa wewe. Mie sitakudanganya kwamba hutakuwa.

Jambo moja tu naona limenikaa. Ile mashine ilichora kofia bila kosa. Basi kuchora bila kosa si kazi ya mtu tena, hiyo imekwisha, na mie nimekula chumvi yangu nikaiwahi mwisho mwisho. Lakini haikuulizwa kwa nini iliishia pale, na ingeulizwa sidhani kama ingekosa usingizi. Wewe ulikosa. Nilikusikia unavyogeuka kitandani.

Sasa utasema, haa, mama ananipeleka kwenye sanaa. Thubutu! Sikupeleki popote. Mie mwenyewe nikimtazama aliyekuchekesha na aliyekunyamazisha, humshuku zaidi aliyekuchekesha, lakini mie ndivyo nilivyo, humshuku hata anayenipisha njia. Ungeweza kwenda kwa yule wa tai ukamwuliza maswali mpaka tai ikambana, ukajifunza kwake mambo ambayo yeye mwenyewe hayajui. Waulize wote wawili waliotangulia wako wapi, uwatafute, uzungumze nao bila mwalimu kusimama karibu. Hilo tu ndilo ninaloliamini, maneno ya mshonaji nyuma ya mgongo wa mwenye duka.

Ninalolishuku hasa ni hili, na nalisema wazi. Unangoja. Hujathibitisha kwa sababu unangoja dirisha lifungwe lenyewe, ukibaki nje useme mtandao ulisumbua. Au unangoja mie na shangazi yako tugombane, mmoja ashinde, ili siku mambo yakiharibika uwe na wa kumtazama vibaya. Kila mmoja akijua nusu yako, hakuna atakayekushika ukiwa mzima. Nakuelewa, baba. Nimeishi humo. Ni pahala salama kweli, hakuna anayekuiba, ila siku ukitaka mtu akushuhudie, hutampata.

Kwa hiyo nimekuharibia mpango. Jioni hii nimempigia wifi. Nikamwambia ulichoniambia mie, akaniambia ulichomwambia yeye. Akasema, "Mtoto huyu kafundishwa na nani?" Nikamwambia, na mie. Tukacheka, halafu tukakusema vibaya kwa muda mrefu, ilikuwa tamu sana. Mwisho tumekubaliana hatutachagua. Yeye hatakununia ukienda kwenye vioo, na mie sitasema ningekwambia. Hilo la pili litanishinda siku mojamoja, lakini nitajaribu.

Barua hii nimeiweka juu ya mashati, na chini yake kuna kitu kimefungwa kwenye khanga yangu ya kijani. Begi utalifungua kabla hamjafika Muheza, nakujua, huwezi kukaa na fundo hujui lina nini. Ndani ni kitambaa. Nimelichora lile duara la nyota, na nimeuchora ule ukanda wa vikuku, kwenye kitambaa kimoja, sikuvikata. Nimevichora juzi na jana ukidhani nafanya kazi ya mteja, na ulipopiga hodi nilikitupia khanga mwenyewe, maana aliyekuwa akinitupia ndiye aliyekuwa mlangoni. Haujawahi kutoka nyumba hii mchoro wangu vipande viwili kwa pamoja. Bi Tatu nimemwonesha. Keshokutwa nakwenda Kigombe kumwonesha Mwanajuma, na Bi Tatu kasema atanisindikiza, anataka kumwona huyo mwanamke aliyefichwa.

Katikati ya duara nimeandika jina langu, na kwenye ukanda nimeandika lako. Kwa wino, siyo penseli. Nimejaribu pembeni kwa maji na sabuni, hautoki.

Mkifika Segera basi litasimama watu wanunue machungwa, na mtandao pale ni mzuri, nimemwuliza dereva. Thibitisha moja. Yoyote. Halafu utupigie, mie na shangazi yako, na utuambie wote wawili jambo moja. Na huko uendako, siku mtu akikitandaza kitambaa hiki akakuuliza ni kazi ya nani, wewe ndiye uliyebaki wa kusema. Usinyamaze, Mbwana.

Keshokutwa nitampigia yule kijana wa tai hata hivyo, nisikie kama jina lako bado linaning'inia.

Mama yako anayekupenda na kukushuku,
Mwantumu